Kinyago Machoni pa Jirani

Neno "kinyago" lina umri mkubwa kuliko vitu vingi vinavyoitwa kwa jina hilo siku hizi. Shina lake ni lile lile la "unyago", yaani mafunzo ya wari, na katika Kiswahili cha zamani kinyago kilikuwa kitu kilichotengenezwa ili kionyeshwe katika mafunzo hayo, tena aghalabu kionyeshwe kwa namna ya kutia hofu: pengine umbo la mnyama, pengine uso wa mti, pengine kitu kilichofunikwa nguo gubigubi, kisichojulikana kichwa wala miguu. Ndugu wa neno hili yuko kusini mwa Tanzania katika jina "isinyago", ambalo mtaalamu J. A. R. Wembah-Rashid alilieleza mwaka 1971 alipoandika juu ya wachezaji wafunikao nyuso katika Tanzania na Msumbiji. Baadaye, biashara ya michongo iliposhamiri Dar es Salaam, neno likahamia kwenye mpingo. Leo likitamkwa mbele ya vijana, wengi wao huona akilini kipande cheusi cha mti kinachong'aa, kilichopangwa juu ya meza pale Mwenge kikimngoja mtalii. Basi kabla jicho halijafika kwenye kitu chenyewe, neno limekwisha kulishika mkono na kulipeleka upande wake. Kitu cha kufundishia kimekuwa bidhaa, na mageuzi hayo yametukia ndani ya lugha moja; hapana haja ya kuvuka bahari ili kuyaona.

Jambo hili lafaa kukumbukwa mapema, kwa sababu mazungumzo juu ya kutazama sanaa ya watu wengine yana desturi ya kuigawa dunia mafungu mawili. Fungu moja ni la wenye kitu, ambao husemwa kuwa hukiona kama kilivyo; fungu la pili ni la wageni, ambao husemwa kuwa hukiona kama wapendavyo. Mgawanyo huu umefanya kazi njema. Umewatahayarisha watu waliostahili kutahayari, hasa wale waliokusanya nyuso za miti kama mtu akusanyavyo vipepeo, wakazipa majina ya kubuni na bei za kweli. Walakini katika uhakiki ni kipimo kibovu, nao huvunjika mara upelekwapo kwa watu ambao si wenye kitu, wala si wageni wa kutoka mbali. Watu wa namna hiyo ni wengi katika Afrika ya Mashariki. Yamkini ndio walio wengi. Wa Kilimatinde wachukuliwe hapa kuwa mfano.

Mji huu mdogo wa wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, umekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yake mbuga za Bahi zimetandazwa kama mkeka. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora ilipita katika nchi hii ya Ugogo. Wajerumani waliweka hapo ngome yao mwishoni mwa karne ya 19; lakini reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipita Saranda na Manyoni, na Kilimatinde ikaachwa kando na ngome yake. Kanisa la Anglikana limeweka hapo hospitali inayojulikana mbali. Wenyeji ni Wagogo pamoja na majirani zao, Wanyaturu wakiwamo, na hao si watu wanaojulikana kwa kuchonga vinyago vya uso. Sanaa kubwa ya Wagogo imo kooni na mikononi: nyimbo za sauti nyingi zilizosukwa pamoja, zeze, marimba, na ngoma ya muheme ambayo wanawake huipiga wakiwa wameibana kwa mapaja. Mtu aliyelelewa humo, akiwekewa mbele kinyago cha Wamakonde, hawezi kusema "hiki ni chetu" kwa maana ile asemayo mtu wa Newala. Wala hawezi kusema "hiki ni cha watu wa mbali" kwa maana ile asemayo mtu wa Geneva. Yeye ni mtazamaji wa tatu, na katika vitabu vilivyoandikwa juu ya jambo hili ni nadra kumkuta.

Yafaa apimwe kwanza kwa kinyago cha mbali kabisa, kisichomhusu kwa damu wala kwa serikali. Waabelam hukaa katika vilima vya Maprik, kaskazini mwa Papua Guinea Mpya. Hulima viazi vikuu, na miongoni mwa viazi hivyo vimo virefu ambavyo hulimwa na wanaume peke yao, katika mashamba yasiyokanyagwa na wanawake, kwa miiko mingi. Kiazi kimoja huweza kupita urefu wa mita 3. Siku ya kuonyesha mavuno hupambwa kwa manyoya, majani, maua na rangi, kisha huvikwa kinyago kilichosukwa mfano wa kikapu au kilichochongwa kwa mti, hata kiazi kikawa kimevaa fahari ile ile avaayo mwanamume aliyekwisha kutiwa katika siri za watu wake. Wanavyo pia vinyago vikubwa vya kusukwa ambavyo mtu huvivaa kichwani, na mwili wake ukafichwa kwa majani. Hata hivyo kile cha kiazi ndicho kinachomsumbua mgeni, kwa kuwa nyuma yake hakuna mtu. Kamusi zitasema kinyago ni kitu cha kuficha uso. Hapa hakuna uso wa kufichwa. Kinyago kinaongeza, hakifichi.

Mwanachuoni wa Kiingereza, Anthony Forge, alikaa na Waabelam mwaka 1958 na 1959, akarudi tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1970 akatoa insha inayostahili kusomwa na kila mwanafunzi wa sanaa, hata asiye na haja na visiwa vile. Aliona kuwa watu wengi, walipopewa picha ya kamera, hawakumtambua aliyemo, isipokuwa awe amesimama wima akiielekea kamera. Na vijana wachache aliowafundisha walijifunza kwa muda mfupi tu. Hali kadhalika alipouliza mchoro fulani katika nyumba ya ibada ulifananisha nini, hakupata jibu la kumridhisha. Mtu mwepesi wa kudhani angesema kuwa alifichwa siri. Forge aliona vingine: swali lenyewe halikuwa na mahali pa kukaa. Michoro ile haikuwa mfano wa vitu vya duniani. Ilihusiana na michoro mingine, na nguvu yake ilikuwa katika rangi yenyewe. Mvulana alionyeshwa mambo hayo hatua kwa hatua, kwa miaka mingi, wala hakupewa maelezo. Alifundishwa kuona, hakufundishwa kueleza.

Ndipo litokeapo jambo ambalo wahakiki wengi hulitaja kwa midomo na kulisahau kwa vitendo, nalo ni kwamba jicho hufunzwa kama ulimi ufunzwavyo lugha. Mzungu akikitazama kinyago cha kiazi hutafuta uso, na akiisha kuupata uso hutafuta moyo ulio nyuma yake: umekasirika? una huzuni? unacheka? Amefunzwa hivyo na michezo ya jukwaani na picha za wafalme wake. Hapana dhambi katika hilo. Dhambi huanza pale anapoandika chini ya kitu kile neno "ghadhabu", akaliacha hapo kana kwamba amelikuta limechongwa.

Naye mtu wa Kilimatinde ataona nini? Nchi yake ni ya uwele na mtama, ya mvua chache na za kubahatisha, nchi iliyopigwa na njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, njaa ambayo kumbukumbu yake haijafutika. Mtu wa nchi hiyo akiambiwa kuwa kuna watu wanaoyavika mavuno yao uso wa heshima, hatacheka wala hatahitaji mhadhara. Atafahamu mara moja kitu ambacho mkusanyaji wa Paris alihitaji miaka kukifahamu, ya kwamba chakula chaweza kusimama mbele ya watu kama mzee. Walakini hapo hapo atakosea. Kiazi kile kirefu hakikulimwa ili kushibisha watoto. Mwenye nacho humpa mshindani wake, na mshindani asipoweza kurudisha kilicho kirefu kama hicho heshima yake huanguka. Kwa hiyo njaa aliyoirithi yule mtu wa Ugogo imemfungulia mlango mmoja na kumfungia wa pili. Kosa lake si kosa la mjinga. Ni kosa la mtu anayejua kitu, na makosa ya namna hiyo huzaa matunda katika uhakiki kuliko usahihi wa mtu aliyekariri kitabu.

Sasa na aletewe kinyago cha nchi yake mwenyewe. Vinyago vya Wamakonde, ambavyo upande wa Msumbiji huitwa mapiko, na kimoja lipiko, vimejulikana Ulaya kwa zaidi ya karne moja. Mjerumani Karl Weule, aliyekuwa mtumishi na baadaye mkuu wa makumbusho ya Leipzig, alipanda uwanda wa Makonde mwaka 1906, akafika Newala akiwa na mashine ya kunasia sauti na nyingine ya kunasia picha ziendazo, akakusanya vinyago, na mwaka 1908 akatoa kitabu juu ya safari yake. Vya upande wa Tanzania aghalabu hufunika uso tu. Lipiko la Msumbiji huingia kichwani lote kama kofia ya chuma ya askari. Mti wake ni mwepesi, maana atakayelibeba atacheza. Nywele mara nyingi ni za binadamu, zimebandikwa. Chale za mashavuni huchongwa au hufinyangwa kwa nta. Na sura ikiwa ya mwanamke, mdomo wa juu hutokeza ndonya. Mwili wa mchezaji huzongwa nguo hata pasionekane ngozi. Na mchezaji haoni kwa macho ya kinyago. Huona kwa kinywa chake kilicho wazi, hivi kwamba uso wa mti umekaa juu ya uso wa mtu na kuelekea mbinguni kidogo.

Msomaji asilipite jambo hili la kinywa kwa haraka. Katika makumbusho lipiko huwekwa juu ya kigingi, limenyooshwa, macho yake sambamba na macho ya mtazamaji, na kinywa kitupu kikiwa kimeachama mbele ya taa. Mtazamaji ambaye hakuambiwa kitu husoma kilio. Huona mdomo unaopiga ukelele, akakumbuka picha nyingine za vilio alizoziona katika nchi yake, akaondoka ameguswa kwa dhati. Ameguswa na dirisha. Mahali pa mchezaji pa kupenyezea macho pamegeuka kuwa maumivu ya Afrika. Wala haitoshi kumcheka, kwa kuwa kinyago kilichotundikwa vile kimemwongopea. Aliyekitundika ndiye aliyeandika sentensi ile, na mtazamaji ameisoma tu.

Kwenye ndonya na chale yule mtu wa Kilimatinde ana sauti yake. Richard Burton alipopita Ugogo mwaka 1857, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, aliyataja masikio ya Wagogo, yaliyotobolewa na kupanuliwa, kuwa ndiyo alama ya kuwatambulia. Stanley naye, aliyepita mwaka 1871, hakuyaacha. Wote wawili waliyaandika kama ajabu. Kwa Wagogo wa zama zile hayakuwa ajabu. Yalikuwa ndiyo mtu alivyo akiisha kutengenezwa na watu wake. Mjukuu wao, hata kama masikio yake mwenyewe hayana tundu, amesikia habari hizo kwa wazee. Akiliona lipiko lenye ndonya hatasema kuwa uso umepotoshwa. Atasema huyu ni mwanamke mzima wa watu fulani. Na hapo atakuwa amelishinda kundi kubwa la wasifu wa sanaa.

Maana kumbukumbu za sanaa ya Ulaya zasema kuwa mwaka 1907 Picasso alizuru makumbusho ya Trocadéro, Paris, akatoka humo na fikra mpya juu ya uso wa binadamu, na tangu siku hizo imekuwa desturi kuwasifu wachongaji wa Afrika kwa ujasiri wa kuuvunja uso na kuuunda upya. Sifa hiyo ni ya heri, lakini ikipewa lipiko la kike huwa imekosa anwani. Mchongaji yule hakuuvunja uso wowote. Alimchonga mwanamke kama alivyomwona sokoni, na ndonya yake, na chale zake, na nywele zake zilizonyolewa kwa mtindo wa mwaka ule. Kile kilichoitwa uhuru wa fundi kilikuwa uaminifu wake. Mwenye kukiita upotoshaji, hata kwa nia ya kusifu, amethibitisha tu kuwa hajapata kumwona mwanamke huyo.

Hata hivyo jirani asijivune. Amesoma uso, hajaisoma ngoma. Mapiko huchezwa watoto watokapo katika mafunzo yao, na kwa desturi iliyoelezwa na Jorge na Margot Dias, Wareno waliowachunguza Wamakonde wa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1950, wanawake na watoto hutakiwa kuamini kuwa aliyekuja uwanjani si mtu, bali ni mfu aliyerudi. Mvulana hufunuliwa siri hiyo jandoni: huonyeshwa kuwa ndani ya kinyago mna mtu, na huenda mtu huyo ni mjomba wake. Tangu hapo yeye ni mwanamume, kwa sababu anajua, na kwa sababu amenyamaza.

Basi na aulizwe mwenye kusema kuwa mwenye kitu hukiona kama kilivyo: ni mwenye kitu yupi? Mtoto anayekimbia huona mfu. Mvulana aliyetoka jandoni mwezi uliopita huona mjomba, na tena huona jinsi wenzake wasivyomwona mjomba, na katika hilo ndimo mlimo fahari yake yote. Mchongaji huona mti alioukata na patasi iliyoteleza karibu na sikio. Mama huona nini? Yasemwa haijui siri. Si rahisi kusadiki kuwa mwanamke aliyemlea mtoto kwa miaka kumi na mitano ataziona nyayo zake zikicheza asizitambue. Lakini hukimbia, hupiga yowe, hurudi, hukimbia tena, na pasipo mbio zake hakuna ngoma. Yeye ndiye labda mtazamaji bora kuliko wote, kwa kuwa huona mambo mawili na hutenda kana kwamba ameona moja. Na mchezaji, ambaye kinyago kinapata uhai kwake, ndiye pekee katika uwanja mzima asiyekiona.

Waswahili husema kinyago cha kujichongea hakimtishi mwenyewe. Methali hii hutumiwa kuwakejeli wanaokiuka mamlaka waliyoyaweka wenyewe, na wenye kuitumia huidhani kuwa ni neno la mwisho juu ya vinyago. Ni neno la nusu. Limesemwa na mtu aliyesimama upande wa wanaojua. Ngoma ya mapiko haikujengwa juu ya kutishwa kwa mchongaji. Imejengwa juu ya umbali kati ya anayejua na asiyejua, na umbali huo hutengenezwa upya kila msimu, kwa makubaliano ya wote, hata ya wale wanaosemwa kuwa hawajui. Kwa hiyo mtazamo wa utamaduni mmoja, kama unavyotajwa katika vitabu, haupo uwanjani. Kilichopo ni mpango wa nani aone nini, kwa umbali gani, na kwa muda gani. Kinyago si kitu kilichosubiri kutazamwa kwa namna mbalimbali. Ni chombo cha kuwagawa watazamaji. Wageni wanapokiona vibaya wanaongeza fungu moja katika mafungu ambayo kinyago kilikuwa kimekwisha kuyafanya.

Kabati la kioo haliwezi kuugawa umma. Humpa kila aliyelipa kiingilio siri yote kwa pamoja, humwonyesha hata ndani ya kinyago palipo patupu, na hapo hapo humnyima kila kitu ambacho siri hiyo ilikuwa ikikilinda. Mwaka 1984 lipiko moja liliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, pamoja na vitu vingine 16. Mwaka uliofuata likanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 likatambuliwa kuwa ndilo lililoibwa. Na mwezi wa Mei 2010, baada ya mazungumzo ya miaka mingi, mapatano ya kulirudisha Tanzania yakatiwa sahihi Paris. Haki ilitendeka, ijapokuwa kwa mwendo wa kobe. Kwa sadfa, mwaka ule ule wa 1984 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalifungua maonyesho makubwa ya kulinganisha vinyago vya Afrika na vya visiwa vya Bahari ya Pasifiki na kazi za wachoraji wa Ulaya, nayo yakashambuliwa vikali na mhakiki Thomas McEvilley kwa kuwa yalivionyesha vitu hivyo bila habari za watu waliovitumia. Lakini msomaji mwaminifu atakiri kuwa lipiko lililorudi lilirudi katika kabati jingine. Dar es Salaam ina haki ya kulimiliki ambayo Geneva haikuwa nayo. Haina kwa sababu hiyo peke yake jicho ambalo Geneva ililikosa. Haki ya mali na elimu ya jicho ni vitu viwili, na wanaozungumza juu ya urithi wa taifa huvichanganya mara nyingi kwa nia njema.

Lililo baya zaidi lilitokea New York mwaka 1987, tena katika nyumba iliyokuwa na nia njema kuliko nyingi. Kituo cha Sanaa ya Afrika, chini ya Susan Vogel, kiliwaita watu kumi wachague vitu vya kuonyeshwa na kueleza waonavyo. Fikra hiyo ilikuwa nzuri sana: mtazamaji alipewa jina, hakujificha tena nyuma ya kibao kisicho na mwandishi. Miongoni mwa waliochaguliwa walikuwamo mwandishi James Baldwin, tajiri wa benki David Rockefeller, na Lela Kouakou, mchongaji na mpiga ramli wa Kibaule kutoka Kodivaa. Wengine waliletewa picha za vitu vya sehemu nyingi za Afrika. Kouakou aliletewa vya Wabaule peke yake. Sababu iliyotolewa ni kwamba watu wa namna yake huvipima vitu vya makabila mengine kwa kanuni za kwao. Mwanafalsafa Kwame Anthony Appiah aliligusa jambo hili mwaka 1991, na aliligusa kwa kejeli iliyostahili.

Maana Rockefeller naye alipima kwa kanuni gani? Ni kana kwamba yeye hana kwao. Mtu wa benki alisadikiwa kuwa na jicho lisilo na kabila, na fundi aliyeshika tezo tangu ujanani akasadikiwa kuwa na kabila lisilo na jicho. Kwa kanuni hiyo mtu wa Kilimatinde asingeitwa kabisa. Hana vinyago vya kwao vya kuletewa, na vya wengine amekwisha kukatazwa. Na hasara ingekuwa ya maonyesho yenyewe, kwani kanuni za kwao ndizo zilizomfanya aione ndonya kuwa uaminifu, na kiazi kuwa mzee. Mtu hapimi kwa kitu kingine ila kwa kanuni za kwao. Kilichobaki ni kama anajua hivyo, na kama anaruhusiwa kubishana na mwenye kanuni nyingine.

Yupo pia mtazamaji wa Kilimatinde asiyetakiwa na upande wowote, wa wazalendo wala wa wasomi. Ni yule kijana wa kanisani ambaye, akionyeshwa lipiko katika simu, hurudi nyuma na kusema kuwa hilo ni shetani. Wasomi humwona kuwa amepotezwa na wamisionari. Kuna sadfa ya kuchekesha katika neno lake, kwa kuwa "shetani" ni jina la mtindo maarufu wa mpingo, ambao husimuliwa kuwa ulianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa mkono wa Samaki Likankoa, na wateja wameununua kwa jina hilo pasipo kurudi nyuma hata hatua moja. Kijana huyo hajui historia hiyo. Lakini katika chumba cha watu wanaosema "lo, zuri!", yeye peke yake amekiona kitu chenye uwezo wa kumtenda jambo. Amekosea jina la uwezo huo. Anayekikimbia kinyago, hata kwa sababu isiyo yake, yuko karibu na uwanja wa ngoma kuliko anayekitafutia taa nzuri.

Na uwanja huo haukusimama ukingoja kuelezwa. Paolo Israel, katika kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya mapiko ya Msumbiji, ameonyesha jinsi mitindo ilivyofuatana, kila rika likitaka kulipita lililotangulia, nyimbo na hatua na nyuso zikibadilika pamoja na vita, chama na uhuru. Wachongaji wa mapiko wamechonga Wareno, Wahindi, askari, watu wa mjini, kila aliyepita akiwatazama. Walipokuwa wakitazamwa nao walikuwa wakitazama, na walichokiona walikitia katika mti, wakakichezesha mbele ya watu waliokitambua mara moja. Mtu wa Kilimatinde akisafiri mpaka kusini, akakaa ukingoni mwa uwanja ule msimu mmoja au miwili, akiuliza maswali yake ya jirani, nani yumo ndani, na kwa nini yule mama amekimbia mara ya pili, asishangae siku moja kuiona sura ngeni ikitoka kichakani: masikio yametobolewa na kupanuliwa hata begani, shingo imenyooshwa kwa udadisi, na wanawake wakicheka huku wakimtupia macho kuona kama amejitambua.